Mwaka Mmoja wa Kula Japani: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Kubadilishana

Siku tatu za kwanza Japani nilikula mkate. Chakula kilikuwepo kila kona, ila kila mlango niliousogelea ulining'inia pazia fupi lililoficha yaliyomo ndani, menyu imeandikwa kwa herufi nisizozijua, na walioketi humo wanakula kimya kama watu wenye treni ya kuwahi. Nikawa nasimama, nachungulia, narudi bwenini na mkate wangu. Siku ya nne jirani yangu wa bweni, aliyenitangulia kwa muhula mmoja, aliniburuta hadi kantini ya chuo, akanionyesha trei zinakochukuliwa, foleni inakoanzia na vyombo vinakorudishwa. Ninayoandika hapa ni yale aliyonionyesha yeye, pamoja na niliyojifunza baadaye kwa kuungua ulimi na, mara moja, vidole.

Niseme msimamo wangu mapema. Wengi hufika na orodha: sushi, rameni, takoyaki, nyama ya Kobe. Wanaizungukia orodha yao mwezi mmoja, wanapiga picha, kisha miezi iliyobaki wanakula tambi za kumwagia maji ya moto chumbani. Mtalii hana namna, siku zake zinahesabika. Mwanafunzi anao muda, na chakula cha Kijapani kinadai muda, maana ladha zake nyingi ni za chini kwa chini, ulimi mgeni huzipita bila kuziona. Kwa hiyo tunaanza na bakuli la bei rahisi kuliko yote, na nitakutaka urudi palepale mara ya pili na ya tatu.

Hatua ya 1: Kabla ya safari, jifunze kusoma chakula

Katakana, moja ya aina za maandishi ya Kijapani, ina herufi 46 za msingi. Wiki mbili zinatosha ukikaa nazo nusu saa kila siku, na faida yake utaiona mapema kuliko ya sarufi yoyote utakayofundishwa muhula wa kwanza, kwa sababu maneno ya kukopa huandikwa kwa herufi hizo: カレー (kare, mchuzi wa bizari wa Kijapani), ラーメン (rameni, tambi za ngano ndani ya supu nzito), ハム (hamu, nyama ya nguruwe iliyosindikwa). Halafu kariri kanji hizi, herufi zenye asili ya Kichina, kama unavyokariri namba ya simu ya nyumbani: 豚 nguruwe, 牛 ng'ombe, 鶏 kuku, 魚 samaki, 卵 yai, 酒 pombe. Kwenye ukubwa wa sahani, 大 ni kubwa, 並 ni ya kawaida, 小 ni ndogo.

Programu ya simu inayotafsiri kwa kamera inasaidia, lakini menyu nyingi za ukutani zimeandikwa kwa brashi, na hapo kamera huanza kuropoka. Wakati mwingine haikosei, wewe ndiye unayedhani imekosea. Simu yangu iliwahi kuniambia kwamba chakula cha siku ni "bakuli la mzazi na mtoto". Nikacheka, nikaagiza kitu kingine. Kumbe ni oyakodon, wali uliofunikwa kuku na yai, na hilo ndilo jina lake hasa: kuku ndiye mzazi, yai ndiye mtoto.

Kama kuna kitu huwezi kula, kwa dini, kwa mzio au kwa uamuzi wako, mwombe mwalimu wa Kijapani au mwenyeji yeyote akuandikie karatasi ndogo kwa Kijapani, itakayotaja kitu kimoja kimoja. Karatasi hiyo ikae ndani ya pochi. Nitaieleza zaidi mbele.

Hatua ya 2: Wiki ya kwanza ni ya gakushoku

Gakushoku ni kantini ya chuo. Katika vyuo vingi huendeshwa na chama cha ushirika cha chuo, seikyo, na sahani kuu mara nyingi huangukia kati ya yeni 300 na 600. Mlangoni kuna kabati la kioo lenye mifano ya plastiki ya kila chakula pamoja na bei. Huhitaji Kijapani: angalia, chagua, kariri umbo lake. Chukua trei, fuata foleni ya unachotaka (tambi zina foleni yake, wali na mchuzi yake, sahani ndogondogo unajichotea mwenyewe), lipa mwishoni, kaa. Ukimaliza usiache trei mezani. Irudishe dirishani, na ukiirudisha sema "gochisosama deshita", shukrani ya mtu aliyeshiba. Kina mama wa jikoni wanaosikia hilo kutoka kwa mgeni huanza kukufahamu, na mtu akikufahamu jikoni, wali huongezeka.

Epuka saa sita na robo. Vipindi vinatoka kwa pamoja na foleni inafika nje. Nenda saa tano na nusu, au baada ya saa saba. Uliza pia kama chuo chako kina kifungua kinywa cha yeni 100. Vyuo vingi hukitoa nyakati fulani za muhula ili wanafunzi wawahi kuamka, na kwa bei hiyo unapata wali, supu na kitoweo.

Siku ya kwanza chukua kake udon: tambi nene za ngano ndani ya supu, juu vitunguu vya majani vichache, basi. Itakuonekea chakula cha mgonjwa. Usiongeze chochote. Inywe supu yake polepole, ukumbuke ladha yake, tutairudia.

Siku ya pili chukua teishoku, yaani mlo kamili kwenye trei moja: wali, supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), kitoweo, na achari kidogo. Mpangilio huu una mzizi katika desturi ya supu moja na vyakula vitatu, ichiju sansai, na ni sehemu ya utamaduni wa washoku, mapishi ya jadi ya Kijapani, ambao UNESCO iliuorodhesha mwezi Desemba 2013. Bakuli la wali hukaa kushoto, la supu kulia. Wali mweupe haumwagiwi sosi ya soya. Umeachwa bila chumvi kwa makusudi, kwa sababu chumvi iko kwenye samaki na achari. Unakula kwa kuzunguka: kipande cha samaki, wali, funda la supu, achari, unarudi kwenye samaki. Mimi nilikuwa namaliza kitu kimoja ndipo nahamia kingine. Nilipojaribu kuzunguka ndipo nilipoelewa kwa nini samaki wao ana chumvi kali vile: analiwa na wali.

Hatua ya 3: Mashine ya tiketi

Migahawa mingi midogo ya rameni, udon, soba (tambi za kijivu) na gyudon (wali na nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba) haina mhudumu wa kuchukua oda. Mlangoni kuna mashine, shokkenki. Weka pesa kwanza. Vitufe vitawaka taa kulingana na kiasi ulichoweka. Bonyeza unachotaka, chukua tiketi, chukua chenji (mashine nyingine zinataka uzungushe kishikio ndipo chenji itoke, wageni wengi huiacha), kaa, weka tiketi kaunta. Kwisha.

Hujui ubonyeze nini? Bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto. Si sheria, ila wenye migahawa wengi huweka hapo chakula wanachojivunia.

Tembea na noti za yeni 1,000 na sarafu. Mashine nyingi za zamani hazipokei noti ya 10,000, na tangu noti mpya zilipotoka Julai 2024 zipo ambazo hazijabadilishwa na zinazitema noti mpya.

Sushi ya mkanda, yaani wali wenye samaki juu unaoletwa na mkanda unaotembea, nayo iingize wiki hizi za mwanzo. Sahani za bei ya chini hazizidi sana yeni 100, siku hizi unaagizia kwenye skrini ya mezani, na sahani inakujia mwenyewe. Mbele yako utaona bomba dogo lenye kitufe. Nilidhani ni la kunawia. Nikanyoosha vidole, nikabonyeza, maji yakatoka yamechemka kabisa. Bomba hilo ni la chai: weka unga wa chai ya kijani kikombeni, bonyeza kwa ukingo wa kikombe, koroga. Kunawa ni kwa kitambaa chenye maji unachopewa.

Hatua ya 4: Konbini asubuhi, supamaketi jioni

Konbini ni duka dogo ambalo mara nyingi halifungwi. Anza na onigiri, wali uliofinyangwa pembetatu, ndani una kitu, nje umefungwa mwani. Karatasi yake imehesabiwa 1, 2, 3, na ukiifuata kichwakichwa utabaki na wali mkononi na mwani kwenye plastiki. Shika ncha ya juu yenye namba 1, ivute chini mpaka izunguke nyuma na karatasi igawanyike nusu mbili. Vuta kona ya 2 pembeni, kisha ya 3 upande wa pili. Ujanja wote ni plastiki nyembamba iliyotenganisha mwani na wali mpaka dakika hiyo, ndiyo maana ukiuma mwani unalia kama jani kavu. Za kuanzia: sake, ambaye hapa ni samaki samoni wala si pombe, ume, tunda chachu lililotiwa chumvi, linakunja uso, tsuna mayo, jodari na mayonezi, ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuikataa.

Ukinunua mlo wa boksi, bento, muuzaji atauliza "atatamemasu ka?", anataka kujua kama akupashie moto. Jibu "onegaishimasu". Na tangu Oktoba 2019 kodi ya chakula cha kuondoka nacho ni asilimia 8, cha kukalia hapohapo ni asilimia 10. Tofauti ni sarafu chache, lakini ndiyo sababu wanakuuliza unakula wapi.

Supamaketi ni shule bora zaidi, na kipindi chake kinaanza kama saa moja usiku. Mfanyakazi anatoka na roli ya vibandiko, anapita kwenye sushi, vyakula vya kukaanga na bento: asilimia 20 kwanza, baadaye 30, na karibu na kufunga 半額, hangaku, nusu bei. Utawaona wazee na wanafunzi wakizurura karibu bila kazi maalumu. Zurura nao, ila usimfuate mfanyakazi unyounyo wala kumwomba abandike. Ni aibu kwenu nyote wawili. Kwa nusu bei ndipo nilipothubutu kununua vitu ambavyo nisingevinunua kwa bei kamili: ngisi aliyekolezwa tangawizi, mizizi ya yungiyungi iliyokatwa ikaonekana kama matundu ya asali, samaki wadogo weupe wenye macho. Kosa la yeni 150 halimuumizi mtu.

Soma tarehe. 消費期限 maana yake baada ya siku hiyo usile. 賞味期限 ni siku ambayo ubora wake unahesabiwa kuanza kushuka, si sumu.

Hatua ya 5: Fika kwenye dashi

Hapa nitakaa kidogo. Ile kake udon uliyoionja wiki ya kwanza ukaiona maji ya mgonjwa imesimama juu ya dashi, na dashi imo katika supu ya miso, katika michuzi, katika mayai ya kukunja, katika mboga za kuchemsha. Usipoitambua, mwaka mzima utasema chakula chao hakina ladha.

Ni maji yaliyochukua ladha ya vitu viwili: kombu, mwani mpana mgumu ambao mwingi hutoka Hokkaido, na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, kisha akarandwa kama mbao. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo aliichunguza dashi ya kombu, akatenga ndani yake glutamati, na ladha hiyo akaiita umami. Kwa hiyo unapokunywa supu ya kantini, ujue kuna profesa aliyewahi kuiuliza bakuli lake swali hilohilo unalojiuliza wewe.

Ipike mwenyewe mara moja bwenini. Lita moja ya maji, kipande cha kombu cha gramu 10. Usioshe ule unga mweupe uliogandana juu yake, ndiyo ladha yenyewe. Pangusa tu kwa kitambaa. Loweka nusu saa. Weka moto mdogo, na vitakapoanza kupanda viputo vidogo kutoka chini toa kombu, kwa sababu ikichemka inatoa utelezi na uchungu. Acha maji yachemke, zima moto, mwaga katsuobushi gramu 20. Vipande vinajikunja, vinaelea, vinazama. Baada ya dakika mbili chuja bila kukamua. Utapata maji ya rangi ya dhahabu iliyopauka, yenye harufu ya moshi na ya bahari. Onja yakiwa matupu. Tia chumvi punje chache, onja tena. Hapo ndipo mlango unapofunguka: ladha iliyokuwa imejificha inasogea mbele ya ulimi.

Kwa supu ya miso, pasha dashi, tia tofu na mwani wa wakame, zima moto, yeyusha miso ndani ya upawa kwanza ndipo uichanganye. Kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli kinatosha, na usiichemshe tena, harufu itakimbia. Nikiri kwamba baada ya hapo nilitumia dashi ya unga ya pakiti kama wanafunzi wote. Lakini mara moja ile ilinitosha kujua pakiti inaiga nini.

Ukishaipata utaanza kusikia tofauti za mikoa. Supu ya udon ya Tokyo ni nyeusi kwa sosi ya soya. Ya Osaka na Kyoto ni nyepesi, unauona mpaka mchoro wa chini ya bakuli, na dashi ndiyo inayotawala.

Hatua ya 6: Kanuni ya mara tatu

Natto ni soya iliyochachushwa, huuzwa vikombe vitatu kwa kama yeni 100. Inanuka soksi, na ukiinua vijiti inatoa nyuzi ndefu. Mara ya kwanza niliila bila kukoroga, kosa. Ikoroge kwanza ikiwa peke yake, kwa nguvu, mara thelathini au zaidi, mpaka ipate povu jeupe. Kisha mimina kifuko cha sosi na kile cha haradali, koroga kidogo, weka juu ya wali wa moto pamoja na vitunguu vya majani. Nyuzi unazikata kwa kuzungusha vijiti hewani.

Mara ya kwanza nilitema. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, nilimeza. Mara ya tatu nilimaliza kikombe, na kufikia Desemba ndiyo ilikuwa chai yangu ya asubuhi. Kanuni yangu: chakula chochote wanachokila wenyeji kila siku, kijaribu mara tatu, kwa nafasi ya siku kadhaa, kikiwa kimeandaliwa na mtu anayekipenda, ndipo useme hukitaki. Kanuni hii haihusu mzio, dini wala kitu kinachokutia kinyaa cha kweli. Mayai ya samaki aina ya chewa, shirako, ambayo kwa usahihi si mayai bali ni mbegu za dume, nilijaribu mara moja. Inatosha.

Hatua ya 7: Nguruwe, pombe na mzio

Asiyekula nguruwe anafikiri atamwona nyamani. Japani hujificha kwingine. Supu ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi, na rameni nyingine nyingi zina mifupa hiyo hata kama juu umewekewa kuku. ラード ni mafuta ya nguruwe. ゼラチン, jelatini, imo kwenye peremende na vitindamlo. Mirin na sake ya kupikia, zote zenye kilevi, zimo katika michuzi mingi, hata katika eeli wa kuchoma na teriyaki.

Ndiyo maana karatasi isiandike "halali" peke yake. Miji mikubwa wanalijua neno. Kwingineko litakuletea tabasamu na sahani yenye hamu. Itaje: nguruwe, mafuta yake, supu yake, pombe, mirin. Ukiwa na mdomo tu, "butaniku wa taberaremasen" ni siwezi kula nguruwe. Na kusema "sili nyama", niku, hakutoshi: wapishi wengi hawaihesabu dashi ya samaki kuwa nyama, wala vipande vidogo vya hamu ndani ya saladi. Baadhi ya vyuo vina sahani halali kantini, ofisi ya wanafunzi wa kigeni itakuambia, na kuku halali aliyegandishwa hupatikana kwenye maduka ya Waislamu na hata kwenye baadhi ya supamaketi za jumla.

Mwenye mzio ashike hili: vyakula vilivyofungashwa vinalazimika kutaja yai, maziwa, ngano, soba, karanga, kamba, kaa na jozi, lakini migahawa haibanwi na sharti hilo. Soba, punje (kwa Kiingereza buckwheat) zinazotengenezewa tambi za kijivu, huwaletea wengine mzio mkali, na duka linalouza soba na udon mara nyingi huzichemsha kwenye maji yaleyale. Mwenye mzio wa soba asile hata udon hapo.

Hatua ya 8: Ingia kwenye meza za watu

Chakula kizuri zaidi nilikila bila kulipa. Jiunge na klabu ya wanafunzi, sakuru, hata kama ya kucheza badminton. Itakupeleka kwenye nomikai, mkusanyiko wa jioni ndani ya izakaya, baa ya Kijapani yenye chakula, ambako sahani ndogo zinashirikiwa na wote: mishikaki ya kuku, edamame (soya changa), kuku wa kukaanga, samaki wa kuchoma. Mambo matatu ya kujua. Umri wa kunywa pombe ni miaka 20, ingawa tangu Aprili 2022 mtu wa miaka 18 anahesabika mtu mzima. Kile kisahani cha kwanza ambacho hukukiagiza, otoshi, kinalipiwa, mara nyingi yeni 300 hadi 500, ndiyo malipo ya kiti chako hayo. Na asiyekunywa aagize "uron-cha", chai baridi ya kahawia. Glasi inafanana na za wengine na hakuna atakayekusumbua. Bili hugawanywa sawa kwa vichwa. Bakshishi hakuna, ukiiacha mezani watakukimbiza barabarani wakurudishie.

Tamasha la chuo, gakuensai, ambalo vyuo vingi hulifanya vuli, kila klabu hufungua kibanda cha chakula. Omba kukaanga yakisoba, tambi za kukaanga, badala ya kununua tu. Ukitaka kufanya kazi ya muda, omba kwanza kibali uhamiaji. Kikomo ni saa 28 kwa wiki. Ukipata kazi mgahawani utakula makanai, chakula ambacho wapishi hujipikia wenyewe kwa mabaki ya siku, na hicho hakimo kwenye menyu yoyote.

Ukialikwa nyumbani, beba zawadi ndogo ya kuliwa, vua viatu, sema "itadakimasu" kabla ya kuanza. Vijiti visisimamishwe wima ndani ya wali, na chakula kisipokezanwe kijiti kwa kijiti: yote mawili ni ya mazishi. Kufyonza tambi kwa sauti, ruksa.

Hatua ya 9: Toka nje ya mji wa chuo

Weka safari moja kwa muhula, na iendeshwe na tumbo. Osaka, kula takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani. Kaa navyo pembeni ya kibanda, kitoboe kimoja kwa kijiti kitoe mvuke, maana nje ni vuguvugu na ndani ni lava. Okonomiyaki, chapati nene ya kabichi, ya Osaka huchanganywa yote kabla ya kukaangwa. Ya Hiroshima hupangwa tabaka juu ya tabaka, ina kabichi nyingi na tambi katikati. Kula zote mbili, usitoe hukumu mbele ya mwenyeji wa mji wowote kati ya hiyo. Mkoa wa Kagawa ndio nyumbani kwa udon: unapewa tambi, unazichovya maji ya moto mwenyewe, unajimiminia dashi kwenye bomba. Fukuoka, ukimaliza tambi na supu ikabaki, sema "kaedama", utaongezewa tambi. Sapporo rameni yao ni ya miso, na baridi yake itakufanya uelewe kwa nini ina mafuta vile.

Mji wowote ulipo, shuka ghorofa ya chini ya ardhi ya duka kubwa, depachika. Vyakula vya mkoa mzima viko hapo, na vya kuonja bure pia, ukiwa na adabu ya kuonja mara moja.

Tumbo likikataa

Yai bichi juu ya wali ni salama kwa kuwa tarehe ya kwenye pakiti imewekwa kwa kuliwa bichi, likipita, lipike. Maini mabichi ya ng'ombe yamepigwa marufuku migahawani tangu Julai 2012, na nguruwe mbichi tangu Juni 2015. Kuku mbichi utamkuta baadhi ya sehemu. Mkatae, hata rafiki yako akila. Mochi ya mwaka mpya, keki ya wali inayonata, ikate vipande vidogo na uitafune kabisa, kila Januari huwakaba watu. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu huandikishwa bima ya afya ya taifa, na hospitalini hulipa asilimia 30 tu, kwa hiyo usijitibu kwa chai ya tangawizi siku nne. Gari la wagonjwa ni 119.

Mwezi wa mwisho

Usinunue kitu kipya cha jikoni. Maliza ulivyonavyo, na jioni zako zirudishe kule ulikoanzia. Mimi nilirudi kantini nikachukua kake udon ileile, bila cha kuongeza.

Kwenye begi, kombu na katsuobushi ni vyepesi na vikavu, lakini uliza kwanza sheria za forodha za unakokwenda kuhusu vitu vya samaki na mimea. Miso ifunge mifuko miwili na iingie begi la kupakiwa chini, kwa kuwa kwenye ukaguzi wa abiria huhesabiwa kama kimiminika. Yangu ya kilo moja, niliyoipakata mkononi kwa kuogopa isivuje, ilibaki kwa askari wa uwanja wa ndege.